Kutu Chini ya Kifuniko

Mtaani walimwita Mtanashati, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Ukimwona tu, jibu unalo. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, ndevu zimechongwa. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za harusi. Alipenda kusema kwamba mpiga picha mchafu hapati bibi harusi wa kumpiga picha. Mkewe, ambaye ni muuguzi, alikuwa amelisikia neno hilo mpaka limemchosha.

Gari lao lilikuwa dogo na la zamani. Viti vimechakaa, na dirisha moja halishuki. Lakini magurudumu yake, wee! Mtanashati alikuwa ameyanunulia vifuniko vya plastiki vya rangi ya fedha, vile vya duara vinavyoziba rimu nzima, yaani ile sehemu ya chuma iliyo katikati ya tairi. Ukiliona gari kwa mbali ungedhani limetoka dukani juzi.

Siku moja kifuniko kimoja kilichomoka njiani, kikabingirika mpaka mtaroni. Mtanashati alisimamisha gari, akakiokota, akakifuta kwa leso. Alipofika nyumbani alichukua waya, akavifunga vifuniko vyote kwenye rimu zake, akakaza kwa koleo.

"Sasa vitoke tena nione," alisema.

Na kweli havikutoka. Tangu siku hiyo havikutolewa hata mara moja.

Kila asubuhi Mtanashati alitoka na ndoo ya maji ya sabuni. Alisugua vifuniko kwa brashi, akavimwagia maji, akavifuta mpaka akaiona sura yake mwenyewe. Maji mengine yalipita kwenye matundu ya kifuniko na kuingia ndani. Hayo hakuyafikiria. Yeye alitazama panapong'aa, basi.

Katika chumba cha uani alikaa shemeji yake, kaka wa mkewe. Huyu alikuwa kinyozi, mtu wa mzaha, anayeweza kumchekesha hata mwenye jino bovu. Alikuwa amepata kibanda cha kufungulia kazi yake. Akamwomba Mtanashati gari la kubebea kiti cha kunyolea. Mtanashati akakataa. Alisema kiti kile ni cha chuma, kitachana viti vya gari. Kinyozi hakubishana. Akakodi mkokoteni, akakalia kiti chake juu ya mkokoteni, akapita mtaani akipungia watu mkono kama mheshimiwa. Mtaa mzima ulicheka. Mtanashati hakucheka.

Kesho yake asubuhi, tairi la mbele la kushoto lilikuwa limekwisha upepo. Limelala chapati.

Mtanashati alilijaza kwa pampu ya mguu, jasho likamtoka na shati likaharibika. Mkewe alichelewa kazini. Kwenye kituo cha mafuta, mhudumu alilizungukia tairi, akalipapasa, akasema haoni msumari wala tundu. Akaongeza upepo, wakaondoka. Asubuhi iliyofuata tairi lilikuwa chini tena. Na iliyofuata hivyo hivyo.

"Hakuna msumari, hakuna tundu, na upepo hauna miguu," Mtanashati alimwambia mkewe. "Kuna mtu anaufungulia."

Mkewe aliuliza ni mtu gani huyo. Macho ya Mtanashati yalikwenda uani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu akishapata wa kumlaumu, haendi tena kutafuta sababu. Mtanashati akaanza kuona ushahidi kila mahali. Shemeji akicheka, anamcheka yeye. Shemeji akikohoa uani, kumbe alikuwa macho, alikuwa anafanya nini? Hata salamu ya asubuhi ikaanza kumkera. Na muda wote huo hakuinama hata mara moja kuangalia kilichokuwa nyuma ya kile kifuniko chake.

Siku moja wakiwa kwenye chai, yakamtoka.

"Shemeji, kama ni lile suala la kiti, sema tulimalize. Usinitolee upepo kwenye tairi."

Kinyozi alidhani ni utani, akacheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, aliweka kikombe mezani.

"Mimi, shemeji?"

"Humu ndani nani mwingine ana kinyongo na mimi?"

Kinyozi alimtazama dada yake. Kisha akainuka, akaenda chumbani kwake, akakunja nguo zake na kuzitia kwenye begi. Dada yake alimfuata akimsihi. Alimjibu kwa upole kwamba atalala kwenye kibanda chake kwanza, mpaka mioyo itulie. Akatoka na begi begani, bila mzaha wowote. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hivyo.

Muuguzi alirudi mezani. Hakupaza sauti.

"Wazazi wangu wote hawapo. Nimebaki na huyo tu," alimwambia mumewe. "Ametoka kwa neno lako. Kwa neno langu hatarudi."

Mtanashati alijibu kwamba sasa watayaona matairi yakikaa sawa. Lakini chai yake ilimshinda, akaiacha ikapoa.

Asubuhi ya pili muuguzi alitoka na sare yake nyeupe, mkoba begani. Mumewe alikuwa amesimama kando ya gari, mikono kiunoni. Tairi la mbele la kushoto lilikuwa limelala chapati.

"Na leo ni nani?" mkewe aliuliza.

Aibu ilimpata Mtanashati, aibu ya kweli, ile inayofanya mtu asijue aweke wapi mikono. Mkewe alipiga simu kazini akaomba ruhusa ya kuchelewa. Kisha akamwambia mumewe ajaze upepo waende wote wawili kwa Mama Upepo.

Mama Upepo alikuwa fundi wa matairi. Jina hilo alipewa na wateja, naye akalipenda mpaka akaliandika ukutani. Mikono yake ilikuwa mipana, na alizoea kuimba taratibu akifanya kazi. Aliinua gari kwa jeki, akalizungusha gurudumu, akasikiliza. Akaacha kuimba.

"Haya mapambo yanatokaje?" aliuliza.

"Hayatoki," alijibu Mtanashati, na hata pale sauti yake ilikuwa na majivuno kidogo.

"Yatatoka tu, kaka." Akakata waya, akapenyeza bisibisi ukingoni, kifuniko kikafunguka.

Matope meusi yalimwagika. Yalikuwa na mchanga, majani yaliyooza na maji yenye harufu ya sabuni ya zamani. Nyuma yake rimu haikuwa na rangi tena. Ilikuwa ya kahawia, imebanduka magamba, na ukingo wake umeliwa. Muuguzi aliziba pua. Mtanashati alipapasa chuma kile kwa kidole chake kisafi, kidole kikatoka na unga wa kutu.

"Lakini mimi naosha kila siku!" alisema.

"Umeosha kifuniko, kaka. Rimu umeinywesha maji."

Mama Upepo alilifungua gurudumu, akalizamisha kwenye beseni kubwa la maji, akawaambia watazame. Kwenye mpira wa tairi hakukuwa na kitu. Lakini pale tairi linapokutana na ukingo wa rimu, mapovu madogo yalitoka moja baada ya jingine. Upepo wao ulikuwa unapita pale, polepole, usiku kucha.

Akaeleza taratibu, maana aliona wanataka kuelewa. Kifuniko cha plastiki hakitulii. Gari likitembea kinatikisika, na kikitikisika kinasugua rimu. Mchanga ukiingia katikati unakwangua kama msasa. Waya nao unakwangua. Rangi ya rimu ikishatoka, chuma kinabaki uchi. Maji yakiingia hayapati pa kukaukia, kwa sababu kifuniko kimezuia jua na upepo. Basi kutu inaanza, na kutu haikai ilipoanzia. Inatambaa mpaka chini ya mdomo wa tairi, na hapo tairi haliwezi tena kushika upepo.

"Ni kama bandeji iliyolowa ambayo haibadilishwi," alisema muuguzi. "Juu nyeupe, chini kidonda kinaoza."

"Umesema vizuri kuliko mimi," alisema Mama Upepo.

Akavitoa na vifuniko vingine. Kutu ilikuwepo kote, ingawa si nyingi kama ile. Kwenye gurudumu moja la nyuma aligusa nati kwa vidole tu, zikazunguka. Zilikuwa zimelegea, na hakuna aliyeweza kuziona kwa sababu zilifunikwa. Muuguzi alikaa kwenye benchi. Alisema kwamba yeye hupanda gari hilo kila asubuhi na kusinzia njiani. Mtanashati alimshika bega mkewe.

Kazi ilichukua muda mrefu. Mama Upepo alizitoa rimu kwenye matairi. Akazisugua kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, mpaka chuma safi kikaonekana. Akazikausha kabisa. Akapaka rangi ya kuzuia kutu, ikakauka, akapaka rangi ya juu. Mahali pa kukalia nati hakupaka, maana rangi nene pale huzifanya nati zilegee baadaye. Ile rimu ya mbele ya kushoto ilikuwa imeliwa mno. Aliitupa kando, akatafuta nyingine. Alipomaliza alizikaza nati kwa kuvuka, hii kisha ya upande wa pili, na akawaonya warudi baada ya kutembea kidogo ili azikague tena.

"Kwa hiyo vifuniko ni vibaya?" muuguzi aliuliza.

Mama Upepo alisema si lazima viwe vibaya. Anayevitaka achukue vinavyolingana na rimu yake, vyenye vibanio vizima, vinavyokaa bila kucheza. Kikicheza au kibanio kikivunjika, kitolewe. Kisifungwe kwa waya. Kisibanwe kati ya nati na rimu, kwa sababu plastiki hubonyea na nati hulegea. Tundu la kifuniko likae sawasawa na vali, kile kijimrija cha mpira cha kujazia upepo, kisikipinde. Na wakati wa kuosha gari vifuniko vyote vitolewe, vioshwe mbele na nyuma, rimu ioshwe na kukaushwa, nati ziangaliwe, ndipo virudishwe.

"Kama hiyo kazi ni kubwa kwako," alimwambia Mtanashati, "acha rimu zako wazi. Rimu yenye rangi nzuri haina aibu."

Mtanashati aliyatazama magurudumu yake yaliyovuliwa. Akasema yabaki hivyo hivyo.

Alimpeleka mkewe kazini, halafu hakurudi nyumbani. Alikwenda kwenye kibanda cha kinyozi. Shemeji yake alikuwa peke yake, na begi lake lilikuwa chini ya meza. Mtanashati aliketi kwenye kile kiti cha chuma. Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni kama mteja yeyote, akapaka povu, akachukua wembe.

Sasa fikiria. Umemkosea mtu, na wembe wake uko kooni kwako.

"Shemeji, nimekukosea," alisema Mtanashati. "Ilikuwa kutu. Niliifuga mwenyewe chini ya vile vifuniko, nikakusingizia wewe."

"Usiongee, nitakukata," alisema kinyozi.

Akaendelea kunyoa. Shavu moja, kisha la pili. Akafuta povu, akamgeuzia kiti kwenye kioo.

"Kilichoniuma si tairi," alisema mwishowe. "Hukuniuliza. Ulinihukumu kabla ya kuniuliza, na dada yangu anasikia."

"Najua. Ndiyo maana nataka nikuombe radhi mbele yake pia. Chukua begi twende."

Kinyozi alisitasita. Kisha akatoka mlangoni, akaliona gari. Akalizunguka.

"Haa, shemeji! Leo limevua viatu?"

Mtanashati alicheka mpaka machozi yakamtoka, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko. Jioni, mbele ya mkewe, aliomba radhi kwa maneno yale yale, hakupunguza hata moja. Muuguzi alimwekea kaka yake chakula, akakaa karibu naye mpaka alipomaliza.

Tairi la mbele la kushoto lilikaa limejaa siku nenda siku rudi. Muuguzi hakuchelewa tena kazini kwa sababu yake. Mtanashati bado huosha gari, maana tabia haifi, lakini siku hizi huinama, huangalia rimu kwa ndani, hujaribu nati, hufuta maji kwenye pembe. Akiona rangi imekwanguka huipaka siku hiyo hiyo. Kifuniko kimoja kinyozi alikichukua, akakitoboa katikati, akakifanya fremu ya kioo. Wateja wanakisifu sana.

Kisha ikafika asubuhi moja, Mtanashati akatoka na ndoo yake, akakuta tairi limelala. Mkewe alikuwa dirishani akifunga vifungo vya sare. Alimwona mumewe akisimama, mikono kiunoni, kama zamani.

Mtanashati aliweka ndoo chini. Akapiga magoti na suruali yake iliyonyooshwa, akageuza uso kuelekea uani.

"Shemeji!" aliita. "Umeamka? Njoo unisaidie kutafuta msumari."

Kinyozi alitoka na mswaki mdomoni, akapiga magoti kando yake. Waliuona baada ya muda mfupi, mdogo, umezama kwenye mpira. Muuguzi alimalizia vifungo vyake, akaenda kuwasha jiko la chai.