Fundi wa Lifti na Mama wa Watoto Kumi na Wanne

Foleni ya duka haikuwa inasogea. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wamebanana kama njiti kwenye kiberiti. Fundi wa lifti alisimama na balbu zake mbili mkononi, na macho yake, ambayo tangu azaliwe hayajui kutulia, yakaangukia kikapu cha dada aliyemtangulia. Mlikuwa na buibui mkubwa wa mpira, saa ya mchanga, chupa za povu la kupuliza na soksi zilizoshonewa vifungo kama macho. Mwenye kikapu alivaa gauni la kijani kibichi lililomkaa sawasawa mabegani na raba nyeupe zilizochoka. Kitambulisho alichoning'iniza shingoni alikuwa amekigeuza kisisomeke.

Fundi alijikaza kisabuni. Ikashindikana.

"Samahani, dada. Una watoto wangapi?"

Dada aligeuka, akampima kuanzia buti zenye grisi mpaka kofia. "Kumi na wanne."

"Kumi na wanne! Mkubwa ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja. Mdogo ana minne."

Fundi akapiga hesabu, hesabu ikamgomea. "Na baba yao yuko wapi?"

"Kila mmoja ana wake," alijibu dada yule bila kupepesa.

Nyuma yao bibi mmoja akasema, "Makubwa!" na keshia akabaki ameshika pakiti ya sukari hewani. Hapo dada akashindwa kujizuia, akacheka mpaka kikapu kikatikisika.

"Ni watoto wa kazini, kaka yangu. Niko kwenye kituo cha kusaidia watoto ambao hasira au woga umewazidi nguvu. Mwingine anang'ata wenzake, mwingine akifika shuleni hafungui mdomo."

"Na buibui?"

"Buibui ni wa anayeogopa buibui."

"Lakini huyo ni wa mpira."

"Tunaanza na wa mpira," alisema, akaweka vitu vyake mezani kwa keshia.

Fundi alitoka dukani akiwa amesahau balbu zake, lakini namba ya simu ya Mama Kumi na Wanne, kama alivyomwita tangu siku ile, ilikuwa mfukoni.

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Fundi alikuwa akipiga akiwa juu ya paa la jengo hili au lile, upepo ukimvumia sikioni, naye akipokea katikati ya mtoto mmoja na mwingine, akinong'ona kama mwizi.

"Laazizi, leo umeng'atwa?"

"Leo nimepona. Wewe umekwama?"

"Mimi sikwami. Nakwamua waliokwama. Niambie, yule asiyeongea ameongea?"

"Fundi."

"Neno moja tu, kipenzi. Ndiyo au hapana."

"Habari za watoto hazivuki mlango wa kituo. Nimekwambia mara ngapi?"

"Basi niambie umevaa nini."

"Hilo nalo halikuhusu," akacheka, "ila ni blauzi ya njano, na ina rangi ya maji mgongoni. Msanii ana miaka mitano."

Jioni nyingine alimfuata kituoni, akamngoja kwenye chumba cha mapokezi. Aliona viti vidogo, matakia ya kupigwa ngumi na kioo kilichowekwa chini kabisa ukutani, kimo cha mtoto. Alitaka kujua kila kitu: kwa nini mchanga ndani ya sanduku, kwa nini wanasesere hawana midomo. Mwenziwe alimjibu yote, ila yale yenye mtoto ndani yake. Fundi alizoea kufungua kifuniko na kuona nyaya zote, ipi inakwenda wapi, na kifuniko hiki kilimkatalia. Alimpenda kwa hilo, na hilo hilo lilimwasha.

Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, aliliona mapema. "Mdogo wangu, wewe utauliza mpaka siku utakapojibiwa usichokitaka."

Siku hiyo haikuchelewa. Aliitwa kupaka grisi lifti ya jengo la makazi. Akapanda mpaka ghorofa ya tatu, akapiga magoti mbele ya mlango wa lifti, bisibisi mdomoni. Mlango wa nyumba moja ukafunguka. Akatoka mwanamke kinyumenyume, pekupeku, raba nyeupe mkononi, akicheka taratibu. Nyuma yake, mlangoni, alisimama mwanamume mwenye ndara na fulana ya ndani.

Bisibisi ikaanguka. "Laazizi?"

Mwanamke aligeuza shingo. Macho yake yakampitia Fundi kama yanavyopitia ukuta, wala hayakutua. Kisha akarudi ndani polepole, na mlango ukafungwa.

Fundi alipaka grisi mahali pasipohitaji grisi. Jioni akapiga simu.

"Yule ni nani?"

"Nilikuwa kazini, mpenzi."

"Kazi gani ya pekupeku nyumbani kwa mwanamume mwenye ndara?"

"Siwezi kukwambia."

"Ulinitazama kama sipo!"

"Najua. Nisamehe kwa hilo. Zaidi ya hapo sina ninaloweza kukupa."

"Neno moja tu."

"Nimeshakupa. Nimesema nilikuwa kazini. Ukiniamini, hilo linatosha. Usiponiamini, nikuhadithie mpaka asubuhi halitatosha. Aliyekutangulia aliondoka kwa swali hili hili. Nilidhani wewe unauliza kwa kupenda kujua, kumbe unauliza kwa kutilia shaka."

Fundi alikata simu. Usiku alijuta, na asubuhi kiburi kikamrudia. Siku zikawa wiki. Simu yake ikalia kwa mambo ya lifti tu, na kila ilipolia moyo wake ulitangulia mkono kuipokea.

Ndipo msimamizi wa jengo lile akaanza kulalamika. "Lifti yako ina wazimu," alisema. "Kila siku mchana inasimama ghorofa ya tatu. Mlango unafunguka, unafungwa, unafunguka, kengele inalia, na hakuna anayeingia. Wapangaji wa juu wamechoka kungoja."

Fundi alikwenda, akafungua kila kinachofunguka. Hakuna waya uliolegea, hakuna kilichoungua. Aliondoka, kesho yake malalamiko yakarudi palepale. Ubovu usio na sababu hakuwahi kuuona maishani, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa kama chawa kwenye shati. Akaamua kuvizia. Mchana akakaa kwenye ngazi, nyuma kidogo tu ya mlango wa ngazi wa ghorofa ya tatu, ulioachwa wazi kiasi, na sanduku lake la vifaa miguuni.

Hakungoja sana. Kitasa kikalia. Akasikia sauti aliyokuwa akiitafuta kila simu ilipolia.

"Viatu tumeviacha ndani. Paka hawavai viatu. Na paka wanafanyaje wakitoka?"

"Hawatazami watu," ilijibu sauti nyembamba ya msichana.

"Hawatazami watu hata kidogo. Wanatazama wapi?"

"Wanapokwenda."

"Haya, twende."

Fundi alishika ukingo wa ngazi. Kumbe siku ile, nyuma ya mwanamume mwenye ndara, alikuwapo mtoto anayejaribu kuvuka kizingiti. Paka mkubwa angesimama kusalimia mtu, paka mdogo asingetoka tena. Uso ulimwaka kwa aibu, mtu mzima, peke yake gizani.

Mlango wa lifti ukafunguka. Hatua ndogondogo zikasogea, zikasimama.

"Jana uliweka vidole," ilisema sauti ya mpenzi wake. "Leo unataka kuweka nini?"

"Mguu mzima. Lakini ikikwama?"

"Ikikwama yupo fundi wake."

"Unamjua?"

Fundi alisogeza sikio mlangoni.

"Namjua. Ana maswali mengi kuliko wewe. Lakini mikono yake haibahatishi. Mimi mwenyewe ningekwama, ningetulia tu nimngoje."

Mguu mdogo uligusa sakafu ya lifti. Papo hapo kengele ya mlango ikapiga kelele, mlango ukaanza kujifunga, na mtoto akalia. Zikafuata hatua za kukimbia, na kitasa.

Fundi alipanda ngazi mpaka chumba cha mashine juu ya paa. Akafungua kibao cha umeme. Kengele ya mlango ya ghorofa ya tatu akaishusha mpaka ikawa mnong'ono. Mlango akaupa subira: usifunge mpaka mtu ametulia ndani au ametoka kabisa. Kisha akamfuata msimamizi.

"Umeona ubovu?"

"Nimeuona. Ulikuwa una haraka mno. Nimeurekebisha. Kama wapangaji watangoja kidogo mchana, waambie ndivyo fundi alivyoagiza."

Baada ya hapo malalamiko yalikoma. Siku moja, akiwa chini jengoni anabadilisha balbu, lifti ilifunguka, akatoka yule mwanamume, safari hii kavaa suruali na viatu, amemshika mkono binti mwenye viatu vyekundu. Binti alimtazama Fundi kwenye ngazi yake.

"Shikamoo."

"Marahaba," alisema Fundi, na akarudisha macho kwenye balbu haraka kabla hayajamsaliti. Mlango mkubwa wa jengo ukafunguka, mwanga wa barabarani ukawameza wote wawili. Hakumsimulia mtu. Hata dada yake, aliyemuuliza kwa nini anatabasamu peke yake kama mwendawazimu, aliambulia "Basi tu."

Jioni ile ile simu ililia.

"Fundi."

"Laazizi." Neno lilimtoka kabla hajajiuliza kama bado analo.

"Kuna lifti moja imekuwa na adabu sana siku hizi. Nani aliyeifunza?"

"Lifti gani?"

"Unaijua."

"Mji huu una lifti nyingi, mama. Na mambo ya wateja wangu huwa siyatoi nje."

Alisikia pumzi ikishikwa, kisha kicheko kile cha foleni, kikiwa kimelowa machozi. Akaongeza, "Nilikukosea. Nisamehe. Neno lako moja lilitosha, mimi ndiye sikutosha."

Walikutana kesho yake mchana, kwenye bustani mbele ya maktaba. Mama Kumi na Wanne alikuja na gauni la bluu bahari na nywele zilizosukwa upya. Fundi alikuwa amesugua kucha zake mpaka vidole vikawa vyekundu.

"Niliona ncha ya buti yako," alisema walipokaa.

Fundi akashtuka. "Kumbe! Basi yale maneno ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?"

"Niliiona nikiwa narudi ndani. Nililokuwa nimesema, nilikuwa nimeshasema." Akatazama pembeni. "Na hatutalizungumza tena."

"Halizungumzwi." Fundi akakohoa, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Naruhusiwa swali?"

"Lini ulianza kuomba ruhusa?"

"Tuoane?"

Watu walipita na vitabu vyao. Mama Kumi na Wanne hakutabasamu. Alimgeukia mwili mzima, kama anavyowageukia watoto wake.

"Sikiliza kwanza. Kuna watu nitapita nao mbele yako kana kwamba sikujui. Kuna siku nitarudi nimenuna na sitasema kwa nini. Nitarudi na alama za meno mkononi, na hutajua ni za nani, leo wala uzeeni. Utaweza kuishi na mtu wa namna hiyo, wewe mwenye maswali?"

Fundi alifikiri. Alifikiri kwa kweli, mpaka mwenzake akaanza kuogopa.

"Nitauosha mkono," alisema mwishowe. "Nitauliza kama unauma. Hilo utanijibu?"

Mama Kumi na Wanne akakunja mkono wa gauni lake, akamwonyesha juu ya kifundo nusu duara ya vidoti vyekundu, vya asubuhi ile.

"Unauma," akasema. "Na ndiyo, nimekubali."