Mstari wa Kumi na Tano

Mipangilio ilikuwa kumi na minne. Lornah aliihesabu kwa kidole kwenye skrini, kisha kwa kalamu kwenye daftari, kisha akaihesabu kutoka chini kwenda juu, kwa sababu ukihesabu kwa mwelekeo mmoja tu unaweza kurudia kosa lile lile. Kumi na minne. Lakini mashine, ilipomaliza kazi, iliandika: Mipangilio 15 imejaribiwa.

Ilikuwa Jumanne, saa tisa na dakika kumi alasiri. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya tatu mjini Kisumu, dirisha likitazama ziwa lililojaa magugu. Walikuwa watu watatu, nao walikuwa wakitengeneza lugha ya kompyuta waliyoiita Mbuta, ili watoto wa shule wajifunze kuandika programu kwa Kiswahili. Vipande vya Mbuta viliunganishwa na mashine moja nyeusi iliyokaa chini ya meza ya Lornah. Mashine hiyo ilifuata faili la mipangilio: kila mstari ulikuwa na jina, na mbele ya jina neno moja, ndiyo au hapana. Makosa yaonyeshwe kwa Kiswahili? Ndiyo. Ifanye kazi kwenye simu? Hapana. Kazi ya Lornah ilikuwa kugeuza kila mstari, ndiyo kisha hapana, na kuandika kilichotokea. Alikuwa amerudi wiki iliyopita tu kutoka likizo ya uzazi, na kila asubuhi aliogopa kwamba kuna kitu amesahau.

Alifungua faili tena. Chini ya mstari wa kumi na nne palikuwa na mwingine. Mahali pa jina palikuwa patupu. Mbele yake paliandikwa: hapana.

"Waswa," aliita. "Umeongeza mstari?"

Waswa ndiye aliyekuwa mwenye ofisi. Hakuinua hata kichwa. "Mimi? Tangu Ijumaa sijagusa hiyo faili. Labda ni nyawawa, wale pepo wa usiku. Lete sufuria tugonge, warudi kwao ziwani."

Naeema, aliyeandika sehemu kubwa ya Mbuta, hakucheka. "Usiwataje hao humu ndani, boss. Na hii mashine yako bado inanuka tope."

Ilinuka kweli. Waswa aliipata kwa watu waliohama ofisi Ahero baada ya mafuriko. Ilikuwa imelala chini ya maji siku nne. Aliifukia ndani ya gunia la mchele wiki nzima, na ilipowaka alitamba mji mzima kwamba mchele wa Ahero unakausha hata dhambi. Aliinunulia na betri ya akiba, maana stima ilikuwa ikikatika karibu kila alasiri. Betri ile iliweza kuishikilia dakika ishirini.

Mstari ni mstari. Lornah aliugeuza ukawa ndiyo, akaiamuru mashine ianze.

Feni ilizunguka, ikapanda, na ndani ya mvumo wake kikatoka kilio chembamba cha mtoto mchanga. Pumzi tatu fupi, kisha kwikwi. Pumzi tatu fupi, kisha kwikwi. Lornah aliganda. Alikijua kilio kile. Kifua chake nacho kilikijua, kwa kuwa kabla hajafikiri lolote maziwa yalikuwa yamekwisha kuchuruzika na blauzi yake imelowa pande zote mbili.

"Hiyo feni inataka mafuta," alisema Waswa.

Naeema alikuwa amesimama. "Hiyo si feni."

Simu ya Lornah ikalia. Alikuwa mama yake, aliyebaki na mtoto nyumbani Manyatta.

"Lornah, nyara, binti yangu, huyu mtoto alikuwa analia, amekatika hivi, kama redio. Macho ameyatoa tu. Nimeshika mguu, ni baridi. Yawa, ni baridi kama samaki!"

Kwa mkono wa kushoto Lornah alirudisha hapana. Kilio kilikoma chini ya meza, na papo hapo kikaanza ndani ya simu, pumzi tatu fupi, kisha kwikwi.

"Ah! Amerudi," alisema Mama. "Nyasaye asifiwe. Amerudi."

Mtu mwingine angetoka ofisini na kukimbia. Lakini Lornah alikuwa amesoma miaka minne chuoni Maseno kwamba jambo likitokea mara moja si ushahidi. Linaweza kuwa bahati. Ni lazima lirudiwe, na saa iandikwe. Bila kujua kwa hakika, aliona, hataweza kulala.

Kwa hiyo Jumatano alirudia.

Alimwomba mama yake akae na mtoto mapajani na saa ya ukutani mbele yake, bila kumweleza kwa nini. Ndiyo: mashine ikalia, mtoto akanyamaza. Hapana: mashine ikanyamaza, mtoto akalia. Aliandika. Mara ya pili, hivyo hivyo, ila mtoto alikawia kurudi sekunde kumi na mbili. Aliandika na hizo. Mara ya tatu alirudisha hapana na mashine ikanyamaza, lakini kwenye simu hapakuwa na sauti ila ya mama yake akiita, "Celestine! Celestine! Nyathini, we!" na Lornah akahesabu kwa midomo bila sauti, ishirini, thelathini, arobaini, harufu ya tope ikipanda kutoka chini ya meza mpaka akaionja mdomoni, hadi pale kwikwi moja iliposikika mbali, kama inatoka chini ya kisima.

"Vidole vyake vimejikunja ngozi," alisema Mama kwa sauti ndogo. "Kama mtu ameoga muda mrefu. Lornah, unafanya nini huko?"

Naeema alimpokonya kibodi. "Wewe una wazimu? Unamfanyia mtoto wako majaribio?"

Waliufuta ule mstari. Walipofungua faili, ulikuwepo. Waliufuta tena, ukarudi. Ndipo Waswa, ambaye sasa hakuwa na mzaha wowote, akaizima mashine na kung'oa waya ukutani.

Tangu dakika hiyo Celestine alilia bila kukoma. Alilia usiku kucha, akakataa ziwa, akalia mpaka sauti ikawa mkwaruzo. Alhamisi asubuhi Mama alikuwa ameamua.

"Huyu analilia jina," alisema. "Mmempa la kanisa tu, na jina la watu wetu hamjampa mpaka leo. Hata wewe ulilia wiki mbili. Tukaita wafu wetu mmoja mmoja, na tulipofika kwa shangazi ya baba yako ukanyamaza papo hapo. Kuna mtu anaulizia nafasi yake."

"Mama, tutaongea jioni," alisema Lornah, na kwenda kazini. Hakukubali, wala hakukataza.

Saa nane na nusu Naeema alimleta Mama Habiba, dada mkubwa wa mama yake, aliyeuza mandazi Kaloleni na kuwasomea watu maji walipougua magonjwa yasiyoeleweka. Alikuwa mama mnene aliyechoshwa na ngazi. Aliketi, akanywa maji, akaitazama mashine kama mtu anayemtazama mgeni asiyesalimia.

"Ililala kwenye mafuriko," alisema. Hakuwa akiuliza. "Basi aliyemo ni wa maji. Maji yalipokauka, yeye hakupata pa kwenda. Ana jina?"

"Mahali pa jina ni patupu," alisema Lornah.

"Huyo hawezi kufukuzwa hivyo. Utamwambia nani atoke? Lazima aseme jina lake kwanza." Kisha akamgeukia. "Na mtoto? Ana jina?"

"Anaitwa Celestine."

Lornah, aliyekuwa akiandika hata sekunde, hakuongeza neno. Mambo ya majina ya wafu aliyaonea haya mbele ya watu, na yalikuwa marefu kueleza.

"Vizuri," alisema Mama Habiba. "Mwenye jina kamili, mlango wake umefungwa. Iwasheni. Mgeuzieni ndiyo, apande juu tuongee naye."

Naeema aliweka ubani kwenye kaa la moto, juu ya kifuniko cha bati. Waswa alishika kiti kwa mikono miwili. Lornah aliandika ndiyo, na kilio kikatoka, cha kukwaruza sasa, kilio cha mtoto aliyelia usiku kucha, na maziwa yakamtoka tena yakamlowesha mpaka tumboni, na Mama Habiba akaanza kusoma kwa sauti ya chini, akiuliza katikati ya kisomo, "Jina lako nani?", akisoma tena na kuuliza tena, huku maji meusi yakianza kudondoka kutoka kwenye matundu ya mashine na kutambaa sakafuni kuelekea viatuni mwao, na hakuna aliyethubutu kuinua mguu, mpaka kwenye skrini, mahali palipokuwa patupu siku zote tatu, herufi zikaanza kuja zenyewe, moja, kisha nyingine, polepole, kama mtu anayeandika gizani kwa kidole: H, A, Z, W, A, R, A.

"Hazwara!" alisema Mama Habiba kwa nguvu. "Toka!"

Dirisha lilitikisika. Harufu ya tope ilikatika mara moja, kama mtu amefunga mlango.

"Futa sasa. Futa!"

Lornah aliufuta mstari wa kumi na tano. Alifungua faili. Haukuwepo. Alifunga, akafungua tena, akahesabu kutoka juu, kisha kutoka chini. Kumi na minne. Aliiamuru mashine ianze, nayo ikaandika: Mipangilio 14 imejaribiwa. Hakuna kosa. Chini ya meza kulikuwa kimya. Waswa alicheka huku akifuta machozi, na Naeema akamkumbatia mama yake mkubwa. Lornah aliandika saa kwenye daftari: saa tisa na dakika kumi.

Simu ikalia. Lornah aliiweka kwa spika wote wasikie.

"Nyara! Amenyamaza!" Mama alikuwa akishangilia. "Amekubali jina! Nimeita wetu wote, kuanzia baba yako mpaka kwa kwaro, babu yako, na baba yake, wapi. Mara akakatika tena kama jana, macho ameyatoa. Halafu jina moja likanijia tu mdomoni, hata sijui ni la nani kwetu. Nikasema, Hazwara? Akarudi pap, akanitazama."

Lornah alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, kwa utulivu, "Saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Saa tisa na dakika kumi. Sikia, ameanza kudai ziwa. Ana njaa, huyu! Njoo haraka."

Mtoto alikuwa akilia ndani ya simu. Kilikuwa kilio kizuri, chenye afya. Lornah alihesabu pumzi. Nne. Tano. Sita. Hapakuwa na kwikwi. Aliweka kiganja kifuani na kusubiri. Palipokuwa pamelowa palikuwa panapoa. Hakuna tone jipya lililotoka.

Alipomgeukia Mama Habiba, yule mama alikuwa amekwisha kusimama, mkono mdomoni.

"Mliniambia ana jina," alisema.

Lornah alirukia kibodi. Aliandika mstari wa kumi na tano kwa mkono wake mwenyewe: Hazwara, ndiyo. Mashine ikajibu: Mpangilio huu haujulikani. Aliandika hapana. Haujulikani. Aliacha mahali pa jina patupu, kama palivyokuwa. Haujulikani.

"Tuitupe tu hii takataka," alisema Waswa, akainama kuelekea soketi.

Na hapo, chini kabisa ya mvumo wa feni, sauti ndogo sana ikasikika. Pumzi tatu fupi, kisha kwikwi. Maziwa yakamruka Lornah kifuani kama maji ya bomba.

"Usizime!" alipiga kelele. "Waswa, usizime! Yumo humo! Yumo humo ndani!"

Waswa aliinua mikono yote miwili juu. "Sijagusa," alinong'ona. "Lornah, sijagusa kitu."

Taa ya darini ilizimika, na friji ya kona ikanyamaza. Barabarani chini majenereta yakaanza kunguruma, moja baada ya jingine, kama kila alasiri. Kisha betri ya akiba ikaanza kupiga mlio wake.

Ilikuwa na dakika ishirini.