Si Mpangaji Mwenza

Kila asubuhi Bernadette alikata kidonge cha presha kwa kisu cha mezani. Nusu alimeza, nusu aliweka ya kesho.

"Daktari alisema kizima," Lorraine alimwambia.

"Daktari hakujua kiwanda cha biskuti nilikofanya kazi kitafungwa na bima yangu ya matibabu iende nacho."

Lorraine alikuwa fundi wa breki katika gereji yetu ya mabasi, hapa Milwaukee, Marekani. Wanawake hawa wawili walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na minne. Sheria ya wakati ule haikuwaruhusu kuoana.

Kisha kampuni ikatangaza: mfanyakazi anaweza kumwandikisha mwenzi wake katika bima, hata bila ndoa. Mwisho ni Ijumaa. Lorraine akampelekea karani, Bwana Haskell, mkataba wa nyumba.

Haskell alisoma, akacheka. "Umeandika 'mpangaji mwenza'. Mpangaji mwenza hapati bima."

Kweli, waliandika hivyo wenyewe, kwa kuogopa mwenye nyumba asiwafukuze akijua ni wapenzi.

Lorraine alimwendea Odell, dereva na mwakilishi wa chama chetu cha wafanyakazi.

"Dada, umemficha mpaka haonekani!" Odell alisema. "Sikiliza. Mkataba unaonyesha mnakaa pamoja tu. Kinachosema kwamba yeye ni mwenzi wako ni kiapo. Chukua fomu ya kiapo, mtie saini nyote wawili mbele ya wakili. Ambatanisha bili ya umeme yenye majina yenu. Baki na nakala. Wakikataa, dai sababu kwa maandishi, uniletee."

Alhamisi mchana Lorraine alirudi na karatasi zote. Foleni ilikuwa ndefu.

"Una hakika?" Haskell alinong'ona. "Gereji nzima itajua."

"Ndiyo maana nimekuja saa ya chakula!" Lorraine alipaza sauti. "Miaka kumi na minne nimeandika uongo, hakuna aliyenidai ushahidi. Leo nimeandika ukweli, unaninong'oneza? Gonga muhuri, Bwana Haskell!"

Aligonga. Mwezi uliofuata Bernadette alipata kadi yake ya bima, akaenda kwa daktari, na presha ikaanza kushuka.

Mimi nilikuwa nyuma ya Lorraine siku ile. Nimeishi na Darlene miaka tisa bila ndoa, na kwenye kila fomu ya kazini nilijaza kwamba naishi peke yangu. Nilijionea haya kweli.

"Na wewe, shida yako nini?" Haskell aliniuliza.

Nikamjibu kwa sauti, foleni nzima isikie: "Nipe fomu kama ya Lorraine."