Kengele Ndani ya Buti

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, baba yake Chiriku alibana mguu wa suruali kwa kibanio cha nguo ili usiingie kwenye mnyororo, akaminya matairi ya baiskeli kwa kidole gumba, kisha akaligombeza tairi la nyuma kana kwamba ni mtoto mtoro. "Leo ukinitia aibu njiani, nakuuza," aliliambia. Halafu alipanda, akaenda zake kwenye kiwanda cha uchapaji, ambako alikuwa fundi wa mashine.

Gari lilikuwepo. Lilikuwa dogo, la bluu, limelala uani chini ya turubai kama mgonjwa aliyejifunika shuka gubigubi. Baba aliliamsha mvua ikizidi au safari ikiwa ndefu. Tangu siku ile muuguzi wa zahanati alipompima presha na kukunja uso, Baba aliona mtu mwenye miguu yake hana sababu ya kukaa kwenye foleni ya darajani akivuta moshi wa wenzake.

"Gari linakunywa petroli, mimi nakunywa maji," alimwambia Mama. "Na kati yetu sisi wawili, mwenye kitambi cha kupunguza ni mimi."

Jioni baiskeli iligeuka duka. Viazi vilikaa kwenye kikapu cha mbele, vitunguu vilining'inia kwenye usukani, treya ya mayai ilifungwa kwenye kiti cha nyuma juu ya gunia lililokunjwa ili yasitikisike. Kukiwa na manyunyu, mkate ulisafiri ndani ya shati. Mama alilalamika kuwa huo ni mkate wa kwapani, lakini hakuna siku aliyouacha mezani.

Chiriku hakuitwa hivyo na wazazi wake. Jina alipewa na Bibi, jirani yao wa kona, kwa sababu mtoto huyo alikuwa akianza kuzungumza hata kuku wanahama kivuli. Bibi hakuwa ndugu yao wa damu, lakini alikuwa amewalea wote, hata Baba. Macho yake yalikuwa yamefifia. Aliona kwamba kuna mtu, asione ni nani.

Mlango wa Bibi ulifunguka moja kwa moja kwenye kichochoro, mahali ambapo njia inateremka na kukata kona. Kamba yake ya nguo ilikuwa upande wa pili. Kwa hiyo yeye na Baba walikuwa na mapatano yao. Baba akifika juu ya kona hupiga kengele. Bibi akiisikia hubaki ndani ya kizingiti, mkono kwenye fremu ya mlango, mpaka magurudumu yanyamaze. Hapo ndipo hutoka kupokea maziwa na mkate wake. Kengele ile ilikuwa ya shaba, kubwa, ya zamani, na mlio wake ulikuwa mzito kuliko wa baiskeli zote za mtaani.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Chiriku aliketi chini katikati ya magoti ya Bibi kusukwa nywele za shule. Bibi alipapasa, akagawa, akasuka, na mistari ilinyooka kama iliyopigwa rula.

"Unaonaje wakati huoni?" Chiriku alimuuliza siku moja.

"Macho yamestaafu, mjukuu wangu. Vidole bado vimeajiriwa. Tulia, usije ukaenda shule na njia panda kichwani."

Shida ilianzia shuleni. Darasani mwao kulikuwa na msichana aliyeitwa Malkia, ambaye mjomba wake alimleta kila siku kwa gari lenye vioo vyeusi. Malkia hakuwa mbaya sana, ila alipenda kucheka, na kicheko kinahitaji mtu wa kuchekwa. Akamwona baba yake Chiriku barabarani na viazi vyake, akasikia ile kengele, basi. Toka siku hiyo Chiriku akawa Binti Kengele. Akiingia darasani, wenzake walifanya kwa mdomo: "Kriing, kriing. Mayai yamefika."

Mchezo ukanoga. Wakawa wanamfuata wakitoka shule, hadi kwenye kichochoro, wakipiga kengele zao za mdomo. Mara ya kwanza Bibi alishtuka akarudi ndani ya kizingiti kusubiri maziwa. Aliposikia vicheko badala ya breki, akaelewa.

"Haya, baiskeli zenye meno," aliwaambia. "Piteni, mkatafune mbele."

Siku moja Chiriku alisahau sweta nyumbani na kukawa na baridi. Baba akampelekea wakati wa kutoka. Alikuwa ameshapita sokoni, kwa hiyo alifika getini na kabichi mbili kwenye kikapu cha mbele na ufagio mpya uliosimama nyuma kama bendera. Akapiga kengele ili mwanawe amwone. Wanafunzi walicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta.

"Huyo ni nani yako?" Malkia aliuliza, ingawa alijua.

Chiriku, ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia, alihisi haya ikimpanda mpaka masikioni. "Huyo? Ni mtu wa kutuletea mboga," akasema.

Kama Baba alisikia, hakuonyesha. Alimpa sweta, akamwambia, "Vaa, usije ukakohoa," akageuza baiskeli na kuondoka. Hakupiga kengele tena.

Jioni hiyo Chiriku alichukua bisibisi ya Mama ya cherehani, akafungua kifuniko cha kengele. Alikitia ndani ya buti lake la mvua lililomkataa mguu, akalisukuma buti nyuma ya stoo. Alijiambia hajaiba, kwa sababu kitu bado kiko nyumbani.

Asubuhi Baba aliushika usukani, akatazama mahali pa kengele. "Wameniibia usiku," akasema. "Mwizi gani huyu? Kaacha baiskeli nzima, kachukua kofia yake." Akasema Jumamosi atatafuta nyingine kwa fundi. "Mpaka hapo, mdomo upo. Kriing, kriing." Mama akacheka. Chiriku naye akacheka, kwa sauti kubwa kidogo kuliko utani wenyewe.

Jioni ilipofika, Chiriku alikuwa amekaa kizingitini kwao akimenya viazi. Akaona yote. Baba alitokea juu ya kona, mzigo umejaa mbele na nyuma. Akafanya kama alivyosema: "Kriing, kriing." Ndani ya nyumba yake Bibi alisikia. Chiriku alimsikia akicheka.

"Leo mmechelewa, baiskeli zenye meno," Bibi akasema, na akatoka kwenda kuanua nguo zake.

Baba alipiga kelele, akakaba breki, akajitupa upande wa uzio. Gurudumu halikumgusa Bibi, lakini kikapu kilimpiga begani. Alianguka na mkono wa kulia chini yake. Mayai yalimwagika kichochoroni, mkate ukabingirika hadi miguuni kwa Chiriku. Hakuuokota.

Mkono ulikuwa umevunjika kwenye kifundo. Hospitali wakauweka plasta hadi karibu na kiwiko. Baba alirudi kutoka huko amezeeka. Alilivua gari lile turubai, akaifunika nalo baiskeli, akazibana pembe zote kwa mawe kama mtu anayefunga jambo lisitoke tena.

Basi Chiriku akapata alichokitaka. Akapelekwa shule kwa gari. Malkia akampungia mkono, zile kengele za mdomo zikakoma. Lakini alichokitaka hakikumshuka kooni. Baba hakuligombeza tairi hata moja kabla ya kuondoka, na foleni ya darajani ilikuwa ndefu. Jioni Baba alichelewa, mkate wa Bibi ukachelewa, kitambi kikarudi nyumbani kwake. Muuguzi wa zahanati akampima tena, akakunja uso tena. Chiriku akawa kimya. Mama alimgusa paji la uso akidhani ana homa.

Jumapili moja, wiki kadhaa baadaye, Chiriku alikwenda kwa Bibi kwa mazoea tu, nywele zake zimefungwa kwa utepe. Baba alikuwa huko, amempelekea mkate.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani huyo? Sauti ni ya Chiriku, lakini Chiriku ninayemjua angekuwa ameshanihadithia mambo ya wiki nzima." Bibi akaubonyeza mkate kwa mkono mzima. "Mwanangu, rudi kwenye baiskeli yako. Huu mkate wa gari unachelewa hadi unanifikia umezeeka, una wajukuu."

"Siwezi, Mama," Baba akamwambia Bibi. Alikuwa anatazama sakafu. "Nilijua kengele imeibwa, na bado nikapanda. Kila nikiuona mkono huo najiambia, wewe mtu mzima, ulishindwa nini kushuka ukatembea? Sitapanda tena."

Neno hilo, imeibwa, ndilo lililomwinua Chiriku. Alitoka mbio bila kuaga. Aliporudi alikuwa amelikumbatia lile buti. Akaligeuza, kifuniko cha kengele kikaanguka kwenye kiganja cha kushoto cha Bibi.

Bibi alikipapasa ukingo wote. Akakitundika kwenye kidole, akakigonga kwa ukucha wa gumba. Mlio ulijaa chumbani, mzito, na hakuna aliyehitaji kuuliza.

"Nilikitoa mimi," Chiriku akasema. "Wenzangu walikuwa wananicheka. Na ile siku ya sweta nilisema..."

Baba alikichukua kifuniko, akakipangusa kwa shati lake. Alipozungumza hakupandisha sauti, na heri angepandisha. "Wiki zote hizi ulikuwa unaniona nikijilaumu," akasema. "Ulikuwa unakula na mimi meza moja."

"Ndiyo, Baba."

"Mkono umevunjika kwa bahati mbaya. Hiyo naielewa, nawe hukuitaka. Lakini kuniacha nibebe mzigo wako kila siku, hiyo si bahati mbaya."

Chiriku alilia. Alitamani Bibi amvute magotini kama zamani, lakini Bibi alimwacha alie mpaka machozi yakaisha yenyewe. Ndipo akamwita.

"Sogea. Nitakuambia neno moja, ulishike, maana mimi sasa nashika kwa mkono mmoja. Kicheko cha watu kinauma, sikatai. Mimi nimechekwa tangu nina meno hadi yameng'oka, na hawa waliokuwa wakinicheka wengine hata majina yao nimeyasahau. Lakini kicheko hakijawahi kumvunja mtu mfupa. Kilichonivunja mimi ni ile kengele kukaa ndani ya buti. Kosa likiwa wazi watu hulikwepa, kama shimo wanaloliona. Ukilifunika majani, atatumbukia mtu asiye na habari."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Mkono nao uombe, lakini huo una kichwa kigumu."

Na kweli ulikuwa nacho. Baba alirudishia kifuniko cha kengele mahali pake, akamwambia Chiriku akaze skrubu mwenyewe. Turubai likarudi kwenye gari. Kamba ya nguo ya Bibi ikahamishwa upande wa mlango wake, na maziwa na mkate ikawa kazi ya Chiriku. Alijifunza kuendesha, akaanguka kwenye uzio, akaendesha tena. Watoto walipoanza "Kriing, kriing," alisimama akamwambia Malkia mbele ya wote, "Yule si mtu wa mboga. Ni baba yangu. Na hapa kwenye kichochoro hatupigi kengele za mdomo, kuna mtu anaumia." Malkia aligeuka, akawaashiria wenzake waondoke. Siku nyingine alikuja kumsalimu Bibi, akaondoka bila kucheka.

Lakini plasta ilipotolewa, vidole viwili vya Bibi havikukunjika tena vizuri. Muuguzi alimpa mpira laini wa kuminya, akauminya asubuhi na jioni, na vidole vikabaki vile vile. Jumapili aliita kigoda, Chiriku akaketi katikati ya magoti yake. Kazi iliyokuwa ya saa moja ikachukua mchana kutwa. Mistari ilipanda, ikashuka, ikapotea nyuma ya sikio.

"Imenyooka?" Bibi akauliza.

Chiriku alijitazama kwenye kioo. Zamani angesema imenyooka sana. "Haikunyooka, Bibi," akasema. "Lakini sitaifumua."

"Vizuri," Bibi akasema, akazikunja kanga zake magotini. "Nilishaijua kwa vidole. Nilitaka kukusikia wewe."

Kutoka juu ya kona kengele ya shaba ikalia. Bibi akabaki alipo, Chiriku akaweka mkono kwenye fremu ya mlango, mpaka magurudumu yakanyamaza.

"Hodi," Baba akaita. "Mtu wa mboga amefika."

Chiriku alikitazama kichwa cha baba yake kikichungulia mlangoni, kikitabasamu, na akajua kwamba siku ile ya sweta alikuwa amesikia. Akaenda kupokea kikapu.

"Karibu, Baba," akasema. Halikuwa neno kubwa, lakini alilisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Umesikia?" Bibi akamwambia Baba. "Chiriku amerudi. Sasa tafuta pamba ya masikio. Na wewe, mjukuu wangu, kumbuka: ukweli ukiuchelewesha utafika, ila utakuta kitu kimeshavunjika. Uambie upige kengele mapema."