Kochi la Tajiri Kimya

Fundi alitengeneza makochi ya watu, na nyumbani kwake hakukuwa na kochi.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Karakana ni neno kubwa. Kilikuwa kibanda cha mabati, na ukipiga chafya humo ndani, misumari inaruka kutoka kwenye kopo. Makochi ya watu yalilazwa humo kama wagonjwa. Mengine yamevunjika mbavu, mengine matumbo nje. Fundi aliyajaza sponji jipya, akayashona, akayarudisha kwa wenyewe yakiwa vijana.

Ndani ya nyumba kulikuwa na mkeka, viti viwili vya plastiki na kigoda. Mguu mmoja wa kigoda ulifungwa waya. Ukikikalia bila kukibembeleza, kinakutupa.

Mkewe alikuwa dobi. Asubuhi alifua nguo za watu. Mchana kutwa alipiga pasi, amesimama. Meza yake ilikuwa karibu na dirisha. Mara nyingi aliiweka pasi pembeni, akatazama nje.

"Unatazama nini, mama watoto?" Fundi aliuliza.

"Natazama kukaa."

"Kukaa kunaonekana?"

"Kwa mtu aliyesimama tangu asubuhi, kunaonekana vizuri sana." Mkewe alicheka kidogo. "Kochi moja tu, baba watoto. Hapa, dirishani. Nikimaliza pasi nikae, niinue miguu. Mvua inyeshe huko nje, mimi niitazame kama ni yangu."

"Nitakutengenezea."

"Uliniambia hivyo nikiwa na mimba ya mkubwa. Sasa mkubwa anavaa viatu vyangu."

Fundi alicheka naye, lakini maneno yale yalimchoma. Angetaka kumtengenezea hata leo. Lakini kila pesa iliyoingia ilikuwa imeshasubiriwa mlangoni: kodi ya nyumba, ada, unga, mkaa.

Basi alikuwa na tabia moja. Kazi ikiisha jioni, alikaa kwenye kochi la mteja, akafumba macho, akajifanya ni lake.

Siku moja aliletewa kochi la ngozi, na mwenyewe akasafiri kwa miezi. Lilikuwa na heshima zake. Wabebaji walilipumzisha njiani mara kadhaa, na inasemekana mmoja wao aliliamkia shikamoo. Fundi alipolikalia, lilimpokea taratibu, likamshika mgongo kama mama anavyomshika mtoto. Akatoa simu mfukoni.

Kwenye simu kulikuwa na jukwaa liitwalo Baraza la Mifuko. Watu walizungumza humo juu ya pesa: nani anapata kiasi gani, anatumiaje, anawekaje. Hakuna aliyetumia jina lake. Fundi alijiita Tajiri Kimya. Siku zote alisoma tu. Lakini siku ile, juu ya ngozi ya mtu, vidole vikamwasha. Akaupiga picha mkono wa kochi, akaandika:

"Leo napumzika kwenye kochi langu jipya. Ngozi halisi. Nimelipa taslimu."

Sifa zikamiminika. "Hongera mkuu!" "Kaka, tufundishe na sisi!"

Hakuna aliyewahi kumwita Fundi mkuu. Hata kuku wa jirani walimpita bila salamu. Kesho yake akaongeza gari. Keshokutwa nyumba yenye baraza pana. Mwezi ulipoisha alikuwa na mashamba na mpishi. Wiki iliyofuata akamfukuza mpishi kwa kuzidisha chumvi.

Ndipo akaandikiwa na mtu anayejiita Nimechoka Kusimama.

"Tajiri Kimya, samahani kwa usumbufu. Mimi na mume wangu tunafanya kazi za mikono. Tuna watoto wawili. Miaka mingi natamani kochi. Wewe ulianzaje?"

Wewe unayesoma umeshajua huyo ni nani. Fundi hakujua. Mtu akishaitwa mkuu, masikio yanaziba. Alijinyoosha kwenye ngozi, akajibu:

"Nilianza na kipato kidogo kama chako. Siri ni chakula. Watu wengi wanakula pesa zao. Mimi na familia yangu tuliacha chakula cha mchana, na jioni tukala kidogo. Haukupita muda, nikanunua kochi."

"Asante sana," likaja jibu. "Mungu akuzidishie. Kumbe inawezekana."

Fundi aliingia ndani kula akiwa na furaha. Mkewe akamwekea sahani. Fundi akachungulia.

"Mama watoto, mchuzi huu umeoga?"

"Kula."

"Maharagwe yako wapi?"

"Yamo. Yatafute."

Mtoto mdogo alilipata moja, akashangilia. Siku zilizofuata mchuzi ulizidi kuwa mwepesi, hata gazeti lililo chini yake ungelisoma. Mchana sufuria haikugusa moto kabisa. Fundi akalalamika.

"Vumilia, baba watoto," mkewe alisema, na macho yake yaling'aa. "Kuna mtu mwenye akili amenionyesha njia."

"Mtu gani huyo?" Fundi aliuliza kwa wivu.

"Humjui."

Fundi hakuona jambo moja. Hata hicho kidogo kilichopikwa, mkewe aliwagawia watoto sehemu yake. Yeye alikunywa chai na kurudi kwenye pasi.

Mchana mmoja Fundi akasikia kishindo. Akakimbilia ndani na nyundo mkononi. Mkewe alikuwa chini, ameegemea ukuta, uso umepauka. Pasi ilikuwa imelalia suruali ya mteja, na moshi unapanda. Fundi aliinua pasi. Ilikuwa imeacha alama yake pale, nyeusi kama unyayo wa jini.

Jirani aliusikia moshi kabla ya kuitwa. Alikuwa karani wa chama cha akiba na mikopo, na mtaa mzima ulimwita Dada Hesabu. Alimkalisha mgonjwa kwenye kigoda, akampa uji wenye sukari, akangoja anywe.

"Shoga yangu, umekula nini leo?"

"Chai."

"Na jana?"

"Chai ya jana."

"Kwa nini? Chakula hakuna?"

Mkewe aliona aibu. Kisha akamwonyesha simu. "Naweka pesa ya kochi. Nilitaka kumshangaza baba watoto. Yeye anawatengenezea watu wote, hana pa kukaa. Huyu Tajiri Kimya ndivyo alivyofanya."

Nyundo ilianguka mguuni kwa Fundi. Hakusikia maumivu. Kwa mara ya kwanza alisoma yale maneno akiwa amesimama upande wa pili: *Siri ni chakula.*

Dada Hesabu alisoma polepole, akatikisa kichwa.

"Mimi pia nimo kwenye Baraza hili," alisema. "Silikatai. Ni vizuri watu wazungumze juu ya pesa bila kuogopa kuchekwa. Jina lako lifiche. Namba ya simu, namba ya siri, mahali unapofanyia kazi, vyote vifiche. Lakini ukitaja unachopata au unachotumia, sema kweli. Na kama huwezi kusema kweli, nyamaza. Hakuna atakayekupiga kwa kunyamaza. Wewe fundi, mteja akikupa vipimo vya uongo, kochi litatokaje?"

"Litatoka bovu," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Basi. Watu wanapima maisha yao kwa maneno ya wenzao, na huku wanakata mbao zao halisi." Akamgeukia mke wa Fundi. "Na wewe, kabla ya kufuata ushauri, uliza. Ana deni? Kuna anayemsaidia? Nyumbani kwake wako wangapi? Asiyetaka kujibu, mwache na utajiri wake. Halafu ushauri wa kuwanyima watoto chakula haufai, hata ukitolewa na tajiri wa kweli. Huyu labda hata kigoda hana."

"Kigoda anacho," Fundi alisema, akajing'ata ulimi.

"Unajuaje?"

Fundi aliokota nyundo. Alitoka nje, akaingia kibandani. Kochi la ngozi lilikuwa pale, limempanulia mikono. Hakulikalia. Alikaa sakafuni, kwenye vumbi la mbao, akaandika. Alifuta, akaandika tena. Mwisho akatuma.

Simu ya mkewe ikalia ndani. Dirisha lilikuwa wazi.

"Tajiri Kimya ameandika!" mkewe alisema. "Ngoja nikusomee."

Fundi akasikia maneno yake mwenyewe yakitoka dirishani kwa sauti ya mkewe.

"'Ndugu zangu, nimewadanganya. Sina gari, sina mashamba. Mpishi niliyemfukuza hakuwahi kuzaliwa. Kochi mliloliona ni la mteja. Mimi ni fundi. Nina deni la ada, na kipato changu huisha kabla ya mwezi. Nyumbani nina mkeka, viti viwili vya plastiki, na kigoda chenye mguu wa…'"

Sauti ikakatika.

Kisha akasikia kigoda kikisukumwa, na hatua zikija. Mkewe alisimama mlangoni mwa kibanda, simu mkononi. Alisoma mstari wa mwisho akimtazama.

"'Nimechoka Kusimama, ushauri wangu ulikuwa uongo. Kula mchana. Walishe watoto. Nisamehe.'"

"Kumbe yule mwenye akili ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Nilikuwa nakuombea. Kila siku. Mungu amzidishie Tajiri Kimya."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Na unajua nini? Nilimwonea wivu mkewe. Nikiwa nimesimama pale na pasi, nikawa nasema: kuna mwanamke mahali, saa hizi, amekaa."

Fundi alitamani mkewe amfokee. Hakumfokea. Alirudi ndani, akabandika sufuria ya maharagwe, nzima. Harufu ilipofika kibandani, Fundi akalia.

Jioni ile walimwita tena Dada Hesabu. Wakataja kwa sauti kila kinachoingia na kila kinachotoka. Hakuna aliyepamba. Ikaonekana kwamba chakula hakikuwa na kosa. Fundi alinunua sponji vipande vipande kwa bei ya juu. Tena alinunua bando la intaneti kila siku ili asikie akiitwa mkuu. Wakakubaliana kuweka akiba ndogo kwenye chama, kiasi kisichogusa sufuria. Cha kwanza walimlipa mwenye suruali.

Kwenye Baraza, wengine walimtukana. Mmoja akamwita Mkuu wa Kigoda. Lakini yule aliyejisifu kuwa na maduka akaandika kwamba maduka ni ya mjomba wake, yeye anafagia. Mama mmoja akaeleza alivyonunua kitanda kwa kweli: taratibu, na dada yake alimchangia. Fundi mwingine, aliyesoma habari ya kigoda, akamweleza Fundi kwamba viwanda huuza mabaki ya sponji kwa bei ya chini sana.

"Kumbe kigoda kimetusaidia kuliko mashamba," mkewe alisema.

Fundi akawaomba wateja mabaki ya vitambaa vyao. Akakusanya mbao zilizobaki. Kila jioni, badala ya kukalia kochi la mtu, alipiga msumari kwenye la kwake. Lilikua polepole, hata watoto wakazoea kuliuliza habari za afya.

Lilipokamilika, lilikuwa na mkono wa kijani na mkono wa maua. Mgongo ulikuwa na rangi zote za mtaa. Fundi alilipiga picha, na wale wa Barazani wakauliza bei. Akaandika yote: mbao za mabaki, sponji la mabaki, muda aliotumia, na deni la ada ambalo bado halijaisha.

Akalisukuma mpaka dirishani.

Mkewe alimaliza shati la mwisho, akaiweka pasi pembeni. Alikaa ukingoni kwanza, kama mgeni. Kisha akarudi nyuma taratibu, akainua miguu. Akatazama nje. Mbingu ilikuwa kavu, njia nyeupe kwa vumbi.

"Pole, mama watoto," Fundi alisema. "Kochi limekuja, mvua haipo."

"Itakuja," mkewe alisema, bila kugeuka. Akasogea kidogo, akapigapiga nafasi kando yake kwa kiganja, naye akae. "Sasa naweza kuingojea nimekaa."