Koti la Inspekta

"Nitashona jingine, bosi. Nguo iliyozikwa haivaliwi."

"Wewe shona vifungo, mawazo niachie mimi," mkurugenzi alisema. " Watazamaji wanalijua koti lile mpaka viraka vyake."

Mshonaji alilikunjua koti juu ya meza, udongo ukamwagika. Mwaka uliopita mkurugenzi huyu alimuua Inspekta katika tamthilia, akamfukuza kazi pia mwigizaji wake, Kitinda, mdogo wake mshonaji. Kwa ubahili wa kutotengeneza kaburi la maigizo, alilizika koti katika kaburi la kweli, lililochimbiwa marehemu ambaye mwili wake haukupatikana. Watazamaji walipohama, bwana mwenye akili nyingi akaamua kumfufua Inspekta, akalifukua.

"Basi Kitinda asilivae," mshonaji alisema.

"Dada, nimekaa mwaka mzima bila kazi," alijibu mdogo wake, akaingiza mikono.

Koti lilimshika kama ngozi. Harufu ya udongo mbichi ikajaa studio.

Fundi sauti alivua hedifoni. "Nani mwingine ana kipaza sauti?"

"Yeye tu."

"Mbona nasikia pumzi mbili?"

"Kasafishe masikio," mkurugenzi alisema, akacheka peke yake.

Kitinda aliyezoea kusahau maneno, ambaye zamani walimbandikia karatasi nyuma ya viti, leo hakusahau hata moja. Hakupepesa macho. Mkurugenzi aliposema kata, yeye hakukata, aliendelea kumhoji kijana aliyeigiza mwizi, kwa sauti ya chini iliyotoka kama chini ya mbao za kaburi, akimuuliza mambo ambayo hayakuandikwa popote, mpaka yule kijana akapiga magoti, akalia kama mtoto, huku taa zikififia moja baada ya nyingine na harufu ile ikiwakaba wote kooni.

Mkurugenzi, badala ya kuogopa, alimnong'oneza mpiga picha asizime kamera.

"Kitinda," dada yake aliita polepole. "Mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekulea."

Kitinda alimgeukia, akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Mama huyu ni nani?"

Mshonaji alitoka mbio hata bila viatu. Alirudi na mganga, mzee mkavu asiye na maneno mengi. Mzee aliweka sikio kwenye ukuta wa studio, akaliondoa upesi.

"Mdogo wako yupo bado, lakini yuko mbali. Nimtoe huyo mwingine sasa hivi. Jua likizama koti likiwa mwilini, mdogo wako harudi tena."

Jua lilikuwa limeshagusa mapaa. Mshonaji alibisha mlango wa studio kwa ngumi zote mbili. Mkurugenzi alifungua kidogo, akaziba nafasi kwa kitambi chake, uso unang'aa kwa furaha.

"Bosi, nakuomba, mwache mganga amtoe huyo aliyemwingia. Muda unakwisha."

"Mtamtoa tukimaliza msimu," alinong'ona. "Huyu anaigiza vizuri kuliko mdogo wako."