Mfuaji wa Daraja la Mawe

Haya yalimpata jirani yetu Gonaria, mlango wa tatu kutoka kwetu. Asiyesadiki na apande basi la saa sita mchana kutoka mji wa Nuoro, akae upande wa kushoto.

Alhamisi ile Gonaria alikuwa amempeleka mjukuu wake Rimedia, mtoto wa miaka sita, kung'olewa jino. Walikuwa njiani kurudi. Jua kali, basi linanuka jibini na jasho, na dereva Boele anapiga domo kama kawaida yake.

"Mama Gonaria, huyo mtoto kabakiwa na meno mangapi?"

"Yanatosha kukung'ata wewe. Tazama barabara!"

Abiria wakaangua kicheko. Gonaria naye akacheka, ila macho yake yalikuwa mbele, kwenye kona inayoteremkia mtoni.

Mama yake Rimedia, Mintonia, binti wa Gonaria, alifariki siku aliyomzaa. Kwetu kisiwani Sardinia, mwanamke aliyekufa akijifungua huzikwa na kitana, sindano na uzi. Akivikosa, hatulii kaburini. Hukaa mtoni miaka saba akifua nguo za mwanawe, na miaka ikitimia hupumzika. Lakini aliye hai akimwita naye akaitika, hesabu huanza upya. Siku ya maziko Gonaria hakuwa akijitambua kwa kilio. Vitu vile vilibaki mezani.

Kwa hiyo kila basi lilipokaribia daraja la mawe la mto huo, alimlaza mtoto mapajani, akafumba macho, akauma midomo. Alifanya hivyo miaka sita na miezi kumi na moja na ushei. Zilikuwa zimesalia siku kumi na tisa.

Siku hiyo kondoo walijaa darajani. Basi likasimama. Boele akapiga honi, mchungaji akamtukana, kondoo hawana habari. Rimedia alikuwa amepitiwa na usingizi. Ndipo sauti ikapanda kutoka chini: nguo mbichi ikipigwa jiweni.

Pa. Pa. Pa.

"Boele, ondoa basi," Gonaria alinong'ona.

"Niwakanyage kondoo wa watu, mama?"

Alijua asitazame. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku kumi na tisa tu, kisha asimwone tena mpaka ufufuo. Akafumbua macho.

Alikuwa pale. Amepiga magoti majini. Mgongo ule ule mwembamba. Mikono imechubuka ikawa myekundu. Anafua kishati cha kichanga. Jua lilikuwa linawaka, naye hakuwa na kivuli.

Gonaria hakutoa sauti. Machozi tu. Tone moja likamwangukia mtoto shavuni.

Rimedia akazinduka. Akafuata macho ya bibi yake hadi mtoni. Hata kwa upande, uso ule ulioinama aliujua. Picha yake ilitundikwa juu ya kitanda chake tangu azaliwe.

"Mama!"

Gonaria akamziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

Pigo likakoma. Kondoo wakanyamaza, wote kwa pamoja. Mwanamke akainua uso, na uso ule ulijaa furaha. Hicho ndicho kilichomvunja Gonaria.

"Naam, mwanangu."

Kisha furaha ikamtoka. Akakitazama kile kishati mikononi. Akaelewa. Hakulia wala hakulalamika. Akainama, akakichovya upya majini.

Pa.

Kondoo wakapita, basi likaenda.  Kituoni, Gonaria alipokuwa akishuka, Boele alimshika mkono.

"Nimemsikia akiitika, mama," alinong'ona.

Asubuhi Gonaria alitoka uani. Aproni ya shule ya Rimedia, ile ya mikono mirefu inayovaliwa juu ya nguo, aliyoiacha chafu kapuni ndani ya nyumba, ilikuwa kambani, imefuliwa, inachuruzika maji. Akaigusa. Mikono ya aproni ilikuwa baridi kama maji ya mtoni.

Kifuani ilikuwa na joto, kama nguo iliyokuwa imekumbatiwa muda mrefu, ikaachiwa sasa hivi.